Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Machi 4, Jumanne

Naandika nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye mashine. Dukani kwetu hazikosekani, na kwenda kununua daftari kwa ajili ya mambo haya ningeona haya.

Mvua zimeanza leo. Daktari alisema, "Sidhani kama atazimaliza mvua zijazo." Alitwambia mimi na wifi yangu, tumesimama kwenye ukumbi karibu na mizani ya kupimia wagonjwa, mume wangu akiwa bado ndani anafunga vifungo vya shati. Saratani ya kongosho, na imeshafika kwenye ini. Alipotoka akauliza, "Amesemaje?" Wifi akaniwahi: "Amesema kongosho limevimba. Dawa zitatuliza." Mimi nikaitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo tulivyoamua jambo kubwa namna ile, kwa muda wa mtu kufunga vifungo saba.

Hizo ni wiki mbili zilizopita. Tangu siku ile mbingu zilikuwa kavu, na mimi nikawa najidanganya kama mtoto: mvua zisipoanza, haziwezi kuisha. Leo saa nne asubuhi nilikuwa napanga kadi za harusi nikasikia matone kwenye bati, na vidole vikasimama juu ya kompyuta.

Machi 5

Mvua. Amekula mayai mawili. Nimeyahesabu akiyala.

Machi 7, Ijumaa

Ikiwa kuna siku nitazisoma karatasi hizi nikiwa nimechanganyikiwa, basi niziwekee kumbukumbu sawasawa. Vyumba viwili vya mbele ni duka la kuchapa, vitatu vya nyuma tunaishi. Hatukujaliwa watoto, tulijaliwa mashine mbili, moja mbovu. Mimi napanga maneno. Fundi mashine, ambaye yuko nasi mwaka wa kumi na mbili na anasikia kwa sikio moja, anatoa nakala. Mume wangu anasoma. Haijawahi kutoka karatasi humu ndani bila yeye kuipitia na kalamu nyekundu, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bwana Nukta. Jirani mmoja mwenye nyumba alibandika notisi ya kuwafukuza wapangaji. Mume wangu akaibandua, akaisahihisha, akambandikia tena. Ilikuwa nyekundu tupu. Yule bwana aliona aibu hata kuwafukuza hakuwafukuza.

Kazi yetu kubwa ni misiba. Vile vitabu vidogo vya ratiba ya mazishi: picha mbele, wasifu wa marehemu ndani, shukrani nyuma. Faili letu ni moja tu, tumeliita MAREHEMU. Akija mfiwa, tunafungua lile lile, tunafuta maisha ya aliyetangulia, tunaandika ya huyu. Miaka yote hii sikuwahi kuona ubaya wake. Leo nimemfuta mama aliyelea watoto tisa, nikabaki natazama skrini nyeupe, halafu nikaizima.

Machi 11

Ameuliza mbona siku hizi simletei kazi ya kusoma. Nikasema wateja hakuna, mvua imewafungia ndani.

"Mbona mashine nimeisikia tangu asubuhi?"

"Fundi anaijaribu. Karatasi zimekula unyevu, zinanasa."

"Bibie," akasema, "kwani nimeshakufa?"

Nikacheka. Nilicheka sana, kupita kiasi, mpaka nikaogopa kwamba kicheko chenyewe kimenisema. Ukweli ni kwamba siwezi kumpa mikononi mwake wasifu wa mtu aliyekufa. Siwezi, na hizo ndizo kazi tulizo nazo.

Machi 14

Wifi alikuja kwa wiki moja, na sanduku lake lina nguo za mwaka. Amehamisha sufuria zangu zote. Amenitazama leo nikipepeta mchele akasema, "Wewe mwanamke, machozi huna?" Nikamwambia yapo, nayaweka akiba. Ulimi hauna mfupa. Yeye ni dada yake wa kuzaliwa naye na ana haki ya kuwepo, lakini Mungu anisamehe, kila akiingia chumbani na ule uso wa msiba natamani kumfungia mlango.

Machi 19, Jumatano

Sasa niliandike, maana nikilikalia litanipasua.

Mama yangu alifia hospitali nikiwa na miaka ishirini na sita. Asubuhi ile pumzi zake zilibadilika. Nikasema naenda kuchota maji. Sikuwa na kiu wala yeye hakuwa na kiu. Nilisimama pale bombani, nikaosha chupa, nikaijaza, nikaimwaga, nikaiosha tena, mpaka nikasikia mama mdogo analia kule ndani. Watu waliniambia pole, maskini, ulikuwa umekwenda kumchotea maji. Nikapokea pole zao. Sijamwambia mtu mpaka leo, hata mume wangu.

Ninachoogopa si kifo chake tu. Naogopa nitamkimbia. Akilala mchana mdomo wazi, mimi husimama mlangoni, nasikiliza kama anapumua, lakini ndani siingii. Miguu inakataa. Najiambia namwachia apumzike. Uongo mtupu.

Machi 24

Nimefanya jambo la aibu. Jana nimempa fundi mashine mabuti ya mvua ya mume wangu, yale meusi, kwa sababu yake yalikuwa yanavuja na haya yamekaa tu. Leo mume wangu kaamka na nguvu, anataka kutoka aone mfereji kama umeziba.

"Mabuti yangu yako wapi?"

"Yamepasuka. Nimeyatupa."

Ndipo fundi akapita dirishani, kwichi, kwichi, kwichi.

"Yale yanafanana na yangu," akasema mume wangu.

"Mabuti yote yanafanana."

Alimtazama fundi mpaka akapotea, kisha akarudi kitandani na mfereji hakuuendea. Ninagawa vitu vya mtu ambaye bado anavitafuta.

Machi 28

Mvua mfululizo. Mkanda wake umetobolewa tundu jingine. Katoboa mwenyewe, kwa msumari, akidhani sioni.

Aprili 2, Jumatano

Leo dukani nilikuwa peke yangu. Nilifungua MAREHEMU, nikafuta aliyekuwemo, nikaanza kuandika. Sikutia jina, mkono ulikataa kuliandika. Niliandika tu "Marehemu", kisha yakatoka yote, ukurasa mzima, kama mtu anayetapika. Nililia vizuri, kwa raha, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mizani. Nilijihisi nimetua mzigo. Kompyuta ikaniuliza kama nihifadhi, nikabonyeza ndiyo kama ninavyobonyeza kila siku, nikaenda kumpikia uji.

Aprili 3

Nimeshinda hospitali kufuata dawa yake ya maji ya maumivu. Foleni ndefu. Fundi amebaki na duka. Kuna msiba wa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya hapa juu, wanataka nakala mia moja kwa Jumamosi. Wasifu walisema watautuma kwenye simu yangu. Simu ilizima chaji. Fundi kaniambia nisijali, kila kitu kimekwisha na wameshachukua.

Aprili 5, Jumamosi

Nitaandika kama yalivyotokea.

Mchana mvua ilipumzika kidogo. Mume wangu alitaka hewa, tukamtoa barazani, kiti chake cha mikono, blanketi magotini, anamenya chungwa. Mimi niko ndani nachemsha chai. Nikasikia kilio kinakuja barabarani, kilio cha wanawake, na kinakuja upande wetu. Nikajua wanapita. Hawakupita. Walifungua geti.

Walikuwa watatu, wa mtaani hapa hapa. Wa mbele, mwenye duka la nyuzi, alikuwa ameinamisha kichwa anajifuta machozi, akapanda ngazi mbili, akainua uso, akakutana na mume wangu ana kwa ana na kipande cha chungwa mdomoni.

"Uwiii!" Mwavuli ukaenda huku, yeye kule. "Jamani! Si... si umekufa?"

"Bado, mama," akasema mume wangu. "Karibuni mkae."

Watu wengine wangecheka. Mimi nilitoka na birika mkononi, nikashika fremu ya mlango. Bado sikuelewa, nilijua tu kwamba siku za mwizi ni arobaini na zangu zimetimia. Nyuma yao akaja kinyozi anahema, na mkononi ana kitabu cha mazishi chenye picha ya mwalimu mkuu. Ametoka kule kule mazishini. Anasema msomaji alisimama mbele ya watu akaanza kusoma wasifu wa mwalimu, na kadiri alivyosoma ndivyo watu walivyogeukiana, maana maisha yale hayakuwa ya mwalimu. Alipofika kwenye ile notisi ya mwenye nyumba, mtu akasema kwa sauti, "Huyo si Bwana Nukta huyo?" Basi ikawa misiba miwili kwa siku moja.

"Hebu," mume wangu akanyoosha mkono.

Kinyozi alinitazama. Nilitaka kusema usimpe. Akampa.

Husoma na kidole. Miaka yote hupitisha kidole chini ya mstari, kwa hiyo nikisimama pale na birika la moto mkononi nilijua kila neno alipolifikia. Haya ndiyo niliyoandika:

"Marehemu alikuwa mtu mgumu kuishi naye, na nyumba isiyo na yeye haikaliki. Alisahihisha kila kitu, hata notisi ya mwenye nyumba. Aliishi na mkewe miaka thelathini na moja, na hakuna siku aliyokubali kwamba chai ina sukari ya kutosha. Alikuwa mpole. Mwezi wa pili daktari alimwambia mkewe kwamba hatamaliza mvua. Yeye hakuambiwa. Mkewe aliendelea kumpikia uji na kumdanganya mpaka mwisho. Alifariki mikononi mwa mkewe."

Kidole kilisimama kwenye "hakuambiwa". Kilikaa pale muda mrefu sana. Wifi alikuwa ametokea nyuma yangu, nikasikia anavuta pumzi. Kisha kidole kikaendelea mpaka mwisho, maana mume wangu haachi kazi katikati. Akakikunja kile kitabu, akakiweka mfukoni mwa shati.

"Wageni wapewe chai," akasema. Akajiinua mwenyewe, akakataa mkono wangu, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba.

Fundi amelia kama mtoto. Alifungua faili akaukuta wasifu mpya, hauna jina. Akajua mimi nimeshauingiza wa mwalimu. "Mama, mimi natoa wino, sisomi. Kusoma ni kazi ya mzee." Ni kweli. Angepelekewa mume wangu kitandani angeliona kosa kwa mstari wa kwanza. Mimi ndiye niliyemnyima kazi.

Aprili 6

Hajasema neno. Kala vijiko vitatu.

Aprili 7, Jumatatu

Hajasema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami huo mshindo naungoja roho juu. Mvua inapiga tangu alfajiri.

Mjane wa mwalimu amekuja dukani. Nilipomwona nilitamani ardhi inimeze. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Msomaji aliposema 'mtu mgumu kuishi naye', nilisema moyoni, ndiye huyo huyo! Watoto wangu wamecheka, mwanangu. Tangu afe hatujacheka." Akaweka mwavuli wake mezani. "Mtanitolea vingine vya kweli. Lakini nikuulize. Wangu nimemzika juzi. Wako yuko hapo nyuma ya ukuta. Wewe unafanya nini huku dukani?"

Nimejibu kwamba vitabu vitakuwa tayari Jumatano.

Aprili 9, Jumatano

Amesema.

Alituita wote wawili chumbani saa tatu asubuhi, mimi na wifi. Tulikaa kwenye kingo za viti kama wanafunzi waliochelewa. Kile kitabu kiko juu ya blanketi.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," akasema. "Nimelisoma hilo mara mia. Sikujua kuna siku mwenye maradhi ndiye atafichwa." Akapumzika kidogo. "Nilijua naumwa. Mwili ni wangu, nauona unavyokwisha. Lakini nilidhani tunaumwa wote. Kumbe naumwa peke yangu, nyie mko ng'ambo mmeshafika, mmekaa mnanisubiri."

Wifi akaanza, "Ndugu yangu, tuliogopa..."

"Mliogopa nini?"

"Kwamba ungeogopa."

"Na mimi nisiogope? Kifo ni cha kwangu, hata hofu yake mmeichukua?" Sauti ilipanda ikakatika, akakohoa, mimi nikainuka kumpa maji. Akanishika mkono na maji yakamwagika. "Naogopa," akasema. "Haya, nimesema. Naogopa kama mtoto. Nilikuwa nawaonea haya kuwaambia, maana nilidhani mnaamini nitapona."

Hapo wifi, mwanamke wa chuma yule, aliteleza kutoka kwenye kiti akakaa sakafuni akaweka paji la uso kwenye godoro. Hakutoa sauti. Nilimwona mabega tu. Wiki zote hizi nilimdhania hana hofu, ana ubishi tu. Kumbe alihamisha sufuria zangu kwa sababu mikono yake haikuwa na pengine pa kwenda.

Alipotoka, mume wangu akaomba kalamu nyekundu. Nikamletea. Akafungua kile kitabu kwenye ukurasa wake.

"Si thelathini na moja. Ni thelathini na miwili ikifika Juni." Akaandika, kisha akalifuta alilolisahihisha. "Basi, iache." Akaendelea. "'Alikuwa mpole.' Nani? Unanizika mimi au unamzika malaika?" Mstari mwekundu. "Sukari kweli haitoshi, hiyo ibaki." Nilikuwa nalia na kucheka pamoja. Kisha akafika mstari wa mwisho, akatia alama ya kuuliza pembeni.

"Hili la mikononi umelijuaje?"

"Watu wote huandika hivyo."

"Watu wote ni waongo. Nimesoma wasifu zaidi ya elfu, wote wamefia mikononi mwa mtu. Kama ingekuwa kweli, hospitali zisingepitika kwa mikono."

Ndipo nikamwambia. Bomba, chupa, maji, mama mdogo. Nilimwambia yote huku nimetazama ukuta. Nikamwambia naogopa nitamfanyia vile vile, na kwamba ndiyo maana husimama mlangoni.

"Najua husimama mlangoni," akasema. "Silali, nafumba macho tu." "Ukikimbia nitakusamehe. Lakini nitaogopa sana, bibie. Nikuambie kweli, mimi si jasiri hata kidogo."

Aprili 10

Nimeingia. Alilala, nikakaa kando yake kwenye kiti, nimetazama saa ya ukutani. Dakika nne. Kisha nikatoka nje kupumua.

Aprili 13

Dakika saba. Nimempelekea kazi ya kusoma: kadi za harusi na kitabu kimoja cha msiba. Kakuta makosa kumi na moja. Kafurahi ajabu.

Aprili 16

Dakika kumi na mbili. Mvua imeingia chumba cha karatasi, rimu mbili zimeloa. Fundi kaja na mabuti mkononi, kichwa chini, anataka kuyarudisha. Mume wangu kamwambia, "Vaa. Ila yatie mafuta, yanapiga kelele mno."

Aprili 21

Nusu saa. Nimemshika mkono pia. Ni mwepesi, na una joto la kawaida, mkono wa mtu. Sijui nilitegemea nini.

Aprili 29

Chakula hakipiti. Supu tu, na kwa kijiko cha chai. Macho yamekuwa manjano. Mvua haikati. Zamani niliomba zisianze, sasa kila asubuhi naomba zisiishe.

Mei 8, Alhamisi

Muuguzi anayekuja nyumbani ameongeza kipimo cha dawa ya maumivu. Ni mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini, na hana maneno ya kupamba. Mume wangu kamwuliza mbele yangu, "Itakuwaje?" Naye akamwambia. Atalala zaidi. Ataacha kutaka maji. Kisha pumzi zitaachana, moja, kimya, nyingine, na kile kimya kitarefuka. "Wewe hutaumia," akamwambia. Akanigeukia. "Wewe utadhani anaumia. Usidhani hivyo."

Muuguzi alipoondoka tulikaa tumeshikana kama watu walio kwenye lori bovu mteremkoni. Hakuna aliyejifanya jasiri. Alitetemeka, nami nikatetemeka. Baadaye akaomba chai, akaonja, akasema haina sukari.

Mei 11

Nimemkuta wifi uani bomba limefunguliwa, maji yanakwenda bure, yeye ameinama juu ya karai tupu analia, kelele za maji zimfiche. Nililifunga bomba. Nikamwambia, "Lia tu, dada. Hapa hakuna wa kumficha." Ni mara ya kwanza nimemwita dada.

Mei 14, Jumatano

Nimekimbia.

Saa tano asubuhi, alipumua halafu hakupumua. Nilihesabu, moja, mbili, tatu, nne. Sikumbuki kuinuka. Nimejikuta nje ya mlango mkubwa kwenye mvua, miguu peku, gauni limeniganda mwilini. Nikasema, basi, limenitokea tena, mimi ndivyo nilivyo. Nikasimama na kuloa. Sijui ni nini kilichonirudisha; nadhani ni baridi tu.

Nilipoingia alikuwa amefumbua macho.

"Umefika wapi?"

"Mlangoni."

"Afadhali," akasema taratibu. "Kwa mama ulifika bombani. Unaendelea vizuri."

Niliweka kichwa changu kifuani pake nikiwa nimeloa vile vile, nikalia mpaka shati lake likaloa na wifi akaja kunigombeza kwamba nitampa baridi.

Mei 16

Nimekaa saa mbili.

Mei 20, Jumanne

Siku ya tatu jua linawaka. Fundi ameanika karatasi. Watu barabarani wanasema mvua zimekwisha. Zimekwisha, naye yupo. Nilidhani nikifika siku kama hii nitapiga vigelegele. Badala yake hofu imezidi, maana kabla ya hapa ilikuwa na mpaka, na sasa haina. Inaweza kuwa kesho, au sasa hivi nikimaliza sentensi hii. Nimeweka kalamu, nimekwenda kuangalia, nimerudi. Yupo.

Mei 23

Hataki maji.

Mei 25

Kasema neno moja leo, "Miwani." Nikamvisha. Hakusoma kitu. Alinitazama mimi.

Mei 27, Jumanne

Mume wangu amefariki leo saa nane na robo mchana.

Tangu asubuhi pumzi ziliachana kama muuguzi alivyosema. Moja, kimya, nyingine. Wifi nilimwambia akaanike nguo, maana alikuwa amesimama kwa miguu tangu jana. Nilibaki peke yangu. Kila kile kimya kilipokuja, miguu yangu ilijikaza tayari kuinuka, magoti yananiuma kwa kuyazuia. Nikasema kwa sauti, "Naogopa. Naogopa, mume wangu. Lakini nipo." Nilisema hivyo mara nyingi sana, sijui kama alisikia.

Joto lilikuwa kali, akageuza uso kwenye dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa, nalo liko upande wa pili wa kitanda. Kulifungua ni lazima nimwachie mkono. Sikumwachia. Nikaita, "Dada! Fungua dirisha kwa nje!" Wifi akaja mbio na nguo mbichi begani, akalivuta, hewa ikaingia, akatuona. Alisimama pale pale nje, mikono kwenye ukingo wa dirisha.

Pumzi moja. Kimya. Nikangoja nyingine. Nikaendelea kuingoja, na wifi naye akaingoja, mpaka nguo begani kwake zikaacha kudondosha maji.

Mei 31, Jumamosi

Wageni wamepungua. Nimelala mchana, nimeamka, nimekunywa chai. Nilitia sukari nyingi, sijui kwa nini, mimi sipendi sukari.

Nilidhani nimeshalia nusu yake mapema, kwamba miezi hii mitatu nilikuwa napunguza, na siku yenyewe ikifika nitakuta imebaki kidogo. Mtu asijidanganye. Imekuja yote, nzima, kana kwamba sijawahi kulia hata siku moja.

Leo wifi kaniita kwa sauti kubwa kutoka uani na sikushtuka. Kitu kimeanguka chumbani, puu, na sikushtuka, nilikwenda kukiokota tu. Miezi mitatu nilimwomba Mungu hofu hii initoke. Imenitoka yote, haikubaki hata chembe, na sasa ningetoa chochote irudi, maana ilikuwa hofu ya mtu aliyekuwa chumba cha pili, anapumua.